Anwani ya IP kwenye ruta: jinsi ya kuiseti na kuikagua kabla fundi hajaondoka

Chukua mfano wa duka la jumla pale Kirumba, jijini Mwanza. Asubuhi simu ya muuzaji inaingia mtandaoni bila shida. Kompyuta ya keshia inagoma. Kamera za stoo hazionekani. Taa za ruta zote zinawaka kijani. Lawama ya kwanza huenda kwa kampuni ya intaneti, wakati kosa linaweza kuwa namba moja tu iliyoandikwa vibaya ndani ya ruta ya duka lenyewe.

Kuweka anwani ya IP kwenye ruta ni kazi ya dakika chache. Kuhakikisha kwamba anwani hiyo inafanya kazi kwa kila kifaa ni kazi nyingine, na hiyo ndiyo inayorukwa. Hapa chini ni mambo ya msingi ambayo fundi anapaswa kuyafanya, na mwenye duka, shule au zahanati anaweza kuyadai kabla ya kulipa.

Intaneti inavyofika Mwanza

Sehemu kubwa ya intaneti ya Tanzania huingia kupitia nyaya za chini ya bahari zinazotua Dar es Salaam. SEACOM ilianza kazi mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Kutoka pwani, data husafiri kwa faiba, ukiwemo Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, zaidi ya kilomita 1,000 hadi Kanda ya Ziwa. Ikifika Mwanza inagawanywa: faiba mitaani, minara ya simu, na redio za masafa zinazofungwa juu ya mapaa na vilima vya mawe kufikia sehemu ambako kuchimba mtaro ni shida.

Kila mahali njia inapobadilika kuna ruta. Na kila ruta ina milango kadhaa, ambayo kitaalamu huitwa intafesi na mafundi wengi huiita poti.

Anwani hukaa kwenye poti

Watu husema "IP ya ruta" kana kwamba ruta ina moja tu. Ukweli ni kwamba kila poti inayopitisha data kati ya mitandao ina anwani yake. Ruta ya duka huwa na angalau mbili: moja inaangalia kwa mtoa huduma, nyingine inaangalia ndani kwa vifaa vya duka.

Sheria ya kwanza ni hii: poti mbili za ruta moja zinapaswa kuwa kwenye mitandao tofauti. Ruta ikiwa na mtandao uleule pande mbili, haijui pakiti impeleke nani. Ruta za Cisco hukataa kabisa na kutoa ujumbe kwamba mitandao imegongana. Ruta za MikroTik hukubali kimyakimya, kisha tatizo huanza kujitokeza baadaye.

Maski: namba inayosahaulika

Anwani ya IP ya toleo la 4 ina biti 32, zinazoandikwa kama namba nne, mfano 192.168.10.1. Peke yake haitoshi. Lazima iambatane na maski, ambayo huiambia ruta mtandao wake unaanzia wapi na kuishia wapi. Ni kama namba ya nyumba na mpaka wa mtaa: bila kujua mpaka, mjumbe hajui nani ni jirani na nani yuko mtaa mwingine.

Maski tatu zinazokutana na fundi mara nyingi ni hizi:

- /24, yaani 255.255.255.0: nafasi 254 za vifaa.
- /25, yaani 255.255.255.128: nafasi 126.
- /30, yaani 255.255.255.252: nafasi 2 tu. Hii hutumika kuunganisha ruta mbili, kwa mfano duka na mtoa huduma.

Katika kila mtandao wa aina hizi, anwani ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya kutangaza kwa wote. Hizo mbili hazipewi kifaa.

Mpango kwanza, kompyuta baadaye

Kabla ya kugusa ruta, fundi mzuri huandika mpango kwenye karatasi. Tuseme duka la Kirumba lina ghala Igoma, na sehemu hizo mbili zimeunganishwa kwa redio. Mpango unaweza kuwa hivi:

- Poti ya 1, kwa mtoa huduma: 198.51.100.2/30. Upande wa mtoa huduma ni 198.51.100.1.
- Poti ya 2, ndani ya duka: 192.168.10.1/24.
- Poti ya 3, redio ya kwenda Igoma: 10.20.0.1/30. Upande wa Igoma ni 10.20.0.2/30.
- Ndani ya ghala la Igoma: 192.168.20.1/24.

Anwani zinazoanza na 198.51.100 zimetengwa kwa ajili ya mifano tu, hivyo zisinakiliwe. Za kweli hutolewa na kampuni ya intaneti. Zile za 192.168 na 10 ni za matumizi ya ndani, zilizotengwa rasmi, na yeyote anaweza kuzitumia ndani ya eneo lake bila kuomba.

Angalia kwamba duka ni 192.168.10 na ghala ni 192.168.20. Kosa la kawaida ni kuacha pande zote mbili na anwani ya kiwandani, mfano 192.168.1.1. Siku zikiunganishwa, kompyuta ya dukani ikitafuta printa ya Igoma itaitafuta dukani na haitaiona.

Kuseti kwenye Cisco

Fundi akishaingia kwenye ruta, amri ni chache:

enable
configure terminal
interface GigabitEthernet0/1
ip address 192.168.10.1 255.255.255.0
no shutdown
end
copy running-config startup-config

Mistari miwili husahaulika sana. "no shutdown" ndiyo inayofungua poti, kwa sababu poti za ruta hizi kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa zimefungwa. Mstari wa mwisho ndio unaohifadhi kazi. Bila huo kila kitu kitaonekana sawa mpaka umeme ukatike. Ukirudi, ruta itaamka haikumbuki chochote.

Kuseti kwenye MikroTik

Hizi zinatumiwa sana na watoa huduma wadogo, hoteli na shule. Amri ni mstari mmoja:

/ip address add address=192.168.10.1/24 interface=ether2

Hapa kuna mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kusahau /24. MikroTik haitalalamika. Itaweka /32, maana yake mtandao wenye anwani moja tu, ambayo ni ruta yenyewe. Ukiangalia orodha, 192.168.10.1 utaiona pale pale, lakini hakuna kifaa hata kimoja kitakachoongea nayo.

Mtego wa pili ni poti zilizofungwa pamoja. Ruta nyingi ndogo za MikroTik hutoka kiwandani zikiwa na poti za ndani zilizounganishwa kuwa kundi moja linaloitwa bridge, lenye anwani 192.168.88.1/24. Kama ether2 imo ndani ya kundi hilo, anwani inawekwa kwenye bridge, haiwekwi kwenye ether2. Na kama ether3 itatumika kwa redio ya Igoma, lazima itolewe kwanza kwenye kundi.

MikroTik huhifadhi mabadiliko yenyewe, kwa hiyo hakuna amri ya kuhifadhi. Hilo ni zuri kama kazi ni sahihi. Kama ni kosa, kosa nalo limehifadhiwa.

Kukagua: hatua tano

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi anaona anwani kwenye skrini, anaona taa ya kijani, anafunga begi. Ukaguzi kamili hufuata mpangilio huu.

*1. Je, poti iko hewani?* Kwenye Cisco, amri ni:

show ip interface brief

Kuna safu mbili za hali. "up" na "up" ni nzuri. "administratively down" maana yake poti imefungwa kwa amri, yaani "no shutdown" imesahaulika. "down" na "down" mara nyingi ni waya, au kifaa cha upande wa pili kimezimwa. Kwenye MikroTik, amri ni /interface print, na herufi R inaonyesha poti inafanya kazi.

*2. Je, maski ni sahihi?* Amri ya Cisco iliyotajwa hapo juu ndiyo inayopendwa kuliko zote, lakini haionyeshi maski. Mtu anaweza kuiangalia mara kumi na asilione kosa. Ili kuona maski:

show ip interface GigabitEthernet0/1

Kwenye MikroTik, /ip address print huonyesha anwani pamoja na maski na jina la mtandao. Ikionekana /32 mahali pasipotarajiwa, au namba haina alama ya mkwaju kabisa, hapo kuna kosa.

*3. Je, jirani anaitika?* Fundi anapingi upande wa pili wa waya uleule, kwanza kabisa, kabla ya kujaribu Google:

ping 198.51.100.1
ping 10.20.0.2

Jirani asipoitika, kujaribu tovuti ni kupoteza muda. Hatua inayofuata ni kuangalia kama ruta imewahi hata kumsikia: show ip arp kwa Cisco, /ip arp print kwa MikroTik. Poti ikiwa hewani lakini jirani haonekani kwenye orodha hiyo, anwani au maski za pande mbili huenda hazipatani.

*4. Je, njia ya kurudi ipo?* Ruta inapopingi, hutumia anwani ya poti iliyo karibu na huko inakopingi. Kwa hiyo ping kutoka kwenye ruta inaweza kufaulu huku kompyuta za dukani zikishindwa. Dawa ni kupingi kwa kutumia anwani ya ndani:

ping 10.20.0.2 source 192.168.10.1

Kwa MikroTik:

/ping 10.20.0.2 src-address=192.168.10.1

Ping ya kawaida ikipita na hii ikagoma, ruta ya Igoma huenda haijui njia ya kurudi kwenye mtandao wa duka. Inahitaji kuelekezwa kwamba 192.168.10.0/24 inapatikana kupitia 10.20.0.1. Vilevile ruta ya duka ielekezwe kwamba 192.168.20.0/24 iko nyuma ya 10.20.0.2.

*5. Je, itaamka hivyo hivyo?* Izimwe, iwashwe, hatua zote zirudiwe. Kwa maeneo ambako umeme hukatika bila taarifa, hatua hii hairukwi.

Kwa nini simu ilifanya kazi na kompyuta ikagoma

Sasa mfano wa mwanzo unaeleweka. Tuseme mpango ulisema 192.168.10.1/24, lakini fundi aliandika /25. Kwa ruta, mtandao wa ndani sasa unaishia 192.168.10.127. Simu ya muuzaji ilipewa anwani yenyewe na ruta, tuseme 192.168.10.50. Iko ndani ya mpaka, inafanya kazi.

Kompyuta ya keshia ilisetiwa kwa mkono siku nyingi kuwa 192.168.10.200, na kamera zinaanzia 192.168.10.210. Vifaa hivyo vinajiona viko mtaa mmoja na ruta, lakini ruta inaviona ni wageni. Hata ombi la keshia likipita, jibu likirudi ruta haitalipeleka ndani. Itafuata njia ya nje, kuelekea kwa mtoa huduma, na huko litapotea.

Kosa la namna hii ndilo linalochosha kuliko yote, kwa sababu mtandao haujafa. Nusu unafanya kazi. Fundi anakuja, anajaribu kwa simu yake, simu inafungua, anasema "mbona mtandao uko sawa" na kuondoka. Dalili ya kukumbuka: vifaa vyenye namba ndogo mwishoni vinafanya kazi, vyenye namba kubwa vinagoma. Hapo ni kukimbilia maski.

Ruta ikiwa ng'ambo ya ziwa

Kukosea ruta iliyo dukani ni usumbufu wa dakika kumi. Kukosea ruta iliyo Nansio, kwenye kisiwa cha Ukerewe, wakati fundi amekaa Mwanza mjini, ni jambo lingine. Akibadilisha anwani ya poti ambayo yeye mwenyewe anaitumia kuingia, mawasiliano yanakatika hapo hapo. Kinachobaki ni kusubiri kivuko, na pengine kulala huko. Wakati huo, shule au zahanati iliyo upande ule inakaa bila mtandao.

Cisco na MikroTik zinatofautiana hapa. Kwenye Cisco, anwani mpya hufuta ya zamani mara moja, isipokuwa fundi ameongeza neno "secondary". Kwenye MikroTik, anwani mpya huongezwa na ya zamani hubaki. Kwa hiyo fundi anaweza kuweka mpya, akajaribu kuingia kupitia hiyo, kisha ndipo afute ya zamani.

Kuna pia kinga za kufunga kabla ya kuanza:

- Cisco: reload in 10. Ruta itajizima na kuwaka baada ya dakika 10 na kurudi kwenye hali iliyohifadhiwa. Kazi ikienda vizuri, fundi anaandika reload cancel, kisha anahifadhi. Akihifadhi kabla ya kujaribu, kinga haina kazi tena.
- MikroTik: kubonyeza Ctrl na X kuingia kwenye hali ya usalama. Mawasiliano yakikatika ghafla, ruta inajirudisha ilivyokuwa baada ya muda mfupi.
- Juniper: commit confirmed. Fundi asipothibitisha ndani ya dakika 10, mabadiliko yanafutwa.

Kinga hizi ni za bure na zimo ndani ya ruta tayari. Kwa visiwa na vijiji vya mwambao, asiyezitumia anacheza kamari na nauli ya mteja.

Kamera hazionekani kwa simu ukiwa mbali?

Wengi hununua kamera wakitaka kuona duka wakiwa safarini. Fundi anaseti kila kitu, ndani inaonekana, nje inagoma. Jambo la kuangalia ni anwani ya poti ya nje ya ruta.

Ikiwa inaanza na 10, 192.168, au iko kati ya 172.16 na 172.31, si anwani ya umma. Vivyo hivyo ikiwa kati ya 100.64 na 100.127: hizo zilitengwa mwaka 2012 kwa kampuni zinazowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mtu wa nje hawezi kuifikia ruta hiyo moja kwa moja, hata fundi afungue milango mingapi.

Sababu yake ni uhaba. Akiba kuu ya dunia ya anwani za toleo la 4 iligawanywa yote Februari 2011. AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linalogawa anwani kwa Afrika, limeweka kikomo tangu Januari 2020: mwombaji hapati zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Mteja anayehitaji anwani ya umma aiombe kwa kampuni yake ya intaneti, na mara nyingi huilipia. Vinginevyo atumie kamera zenye programu inayopitia seva ya mtengenezaji.

Mwenye simu anaweza kukagua nini?

Hata asiye fundi ana kifaa cha ukaguzi mfukoni. Akiwa kwenye waifai ya duka, aingie mipangilio ya simu, afungue waifai, aguse jina la mtandao aliounganishwa nao. Ataona anwani ya IP ya simu na ya getiwei, yaani ruta. Kwenye iPhone, maski nayo inaonekana.

- Anwani ya simu na ya ruta zifanane mwanzo. Kwa /24, namba tatu za kwanza ni zilezile.
- Kompyuta ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, haijapewa anwani na ruta. Imejipa yenyewe.
- Vifaa viwili vikiwa na anwani moja, vitakuwa vinapokezana kukatika.

Kabla ya kulipa, mteja adai vitu vitatu: karatasi yenye anwani na maski ya kila poti, ibandikwe karibu na ruta. Jaribio kwenye kifaa chenye namba ndogo na chenye namba kubwa. Na ruta izimwe na kuwashwa mbele yake. Fundi aliyefanya kazi yake vizuri hatachukua zaidi ya robo saa kuyatimiza yote matatu.